Namna ya Kupata au Kujitengenezea Uzito wa Chuma kwa Kazi za Nyumbani

Zipo kazi za nyumbani zinazohitaji kitu kizito kitulie mahali pamoja kwa saa nyingi bila kusimamiwa na mtu: kitabu kilichobanduka jalada na kutiwa gundi upya, mbao mbili zilizounganishwa, vyeti vilivyojikunja, jibini inayokamuliwa maji, kitambaa kinachokatwa kwa kufuata ruwaza, au mlango unaopigwapigwa na upepo. Kwa kazi nyingi za aina hiyo ndoo ya maji au tofali hutosha, na hakuna sababu ya kuhangaika. Chuma huhitajika pale nafasi inapokuwa finyu. Lita moja ya maji ina kilo 1, lita ya mchanga mkavu ina takriban kilo 1.6, lita ya zege ina kilo 2.4, ilhali lita ya chuma cha kusubu (kile kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) ina kilo 7.2 na ya chuma cha nondo ina kilo 7.85. Kwa hiyo kilo 5 za chuma hazifikishi hata robo tatu ya lita, na huenea juu ya kitabu kidogo bila kuning'inia pembeni, jambo ambalo ndoo hailiwezi.

Wengi wanapotafuta chuma hutafuta kilo. Mimi ningemshauri msomaji aanze kwa kuangalia kitako, yaani ule upande ambao chuma kitaukalia, kwa kuwa kilo nyingi zilizokaa juu ya kitako kibovu huharibu kazi kuliko kilo chache zilizokaa vizuri.

Hatua ya kwanza: ifahamu kazi kabla ya kutafuta chuma

Mgandamizo unaoifikia kazi ni uzito uliogawanywa kwa eneo la mguso. Tuchukue kilo 6 juu ya kitabu chenye upana wa sentimita 15 na urefu wa sentimita 20. Uzito huo ukienea sawasawa, kila sentimita ya mraba hupata gramu 20, na hiyo ni nguvu ya kutosha kushikanisha karatasi na gundi ya maji. Kilo hizohizo zikisimama juu ya kitako cha sentimita 4 kwa 4, kila sentimita ya mraba iliyo chini yake hupata gramu 375, jalada likabonyea hapo katikati, na kingo, ambazo ndizo hubanduka kwanza, zisipate chochote. Dawa yake ni kuweka ubao mnyoofu kati ya kazi na chuma. Ubao wenyewe uwe mnene, wa milimita 18 au zaidi, kwa kuwa ubao mwembamba hupinda chini ya mzigo na kulirudisha tatizo lilelile.

Kwa ruwaza za kushona, vipande vya gramu 150 hadi 300 vinafaa, na viwe vingi. Kwa kubana kitabu au karatasi, kilo 3 hadi 6 zinatosha kwa ukubwa wa kawaida. Kwa kuzuia mlango, kilo 2 hadi 4 zinaweza kutosha ikiwa chini ya chuma umebandikwa mpira, maana kinachouzuia mlango ni mkwaruzano wa kitako na sakafu, na chuma kitupu kwenye sakafu laini huteleza hata kiwe kizito.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua vipande vinne vya kilo 2 badala ya kimoja cha kilo 8. Vipande vidogo hupangika kwa kufuata umbo la kazi, huinuliwa kwa mkono mmoja, na kikikudondoka kimoja, madhara yake ni robo ya yale ya kipande kikubwa.

Hatua ya pili: tazama vitu ulivyo navyo

Kabla ya kwenda kununua, pita jikoni, stoo na mahali zana zinapowekwa. Kikaango cha chuma cha kusubu ni uzito mzuri sana wenye kitako bapa na mpini. Pasi ya kale ya mkaa au ya chuma kitupu imetengenezwa kwa ajili ya kukandamiza, na uso wake wa chini kwa kawaida ni mnyoofu kuliko chuma chochote utakachokata mwenyewe. Kichwa cha nyundo kubwa kilichotoka mpini, fuawe dogo (chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake), na vyuma vya mazoezi vya mviringo navyo vinafaa, ila vyuma vya mazoezi vigonge kwanza kwa kucha au kwa kijiti, kwa sababu vingi ni ganda la plastiki lililojazwa saruji na mchanga, na hivyo ni vinene mno kwa kilo zake.

Mawe ya mizani ni mazuri kuliko yote kwa sababu uzito wake unajulikana. Hata hivyo, geuza jiwe la chuma utazame chini: mara nyingi utakuta kitundu kilichozibwa kwa risasi, yaani ile metali laini na nzito, ambayo iliongezwa kiwandani au na mkaguzi ili kuufikisha uzito mahali pake. Usikichokonoe kitundu hicho, usilipige msasa jiwe upande huo, na kama jiwe bado linatumika kupimia bidhaa, liache kabisa na kazi nyingine, kwa kuwa rangi, kutu na mikwaruzo hubadilisha kipimo.

Hatua ya tatu: nunua chuma chakavu kwa kujua unachokitaka

Usipopata kitu nyumbani, mahali pa kwenda ni kwa mafundi wa kuchomelea na kwa wauzaji wa chuma chakavu. Kwa fundi, omba mabaki: vipande vya bamba nene, flatibaa (ukanda bapa wa chuma), vipande vya nondo na vya shafti. Bamba ndilo chaguo langu la kwanza, kwa sababu pande zake mbili tayari ni bapa na hesabu yake ni rahisi: bamba la mita moja ya mraba lina kilo 7.85 kwa kila milimita moja ya unene. Bamba la milimita 10 lenye sentimita 20 kwa 30 lina takriban kilo 4.7, na hilo ndilo umbo ambalo mtu anayekarabati vitabu angelitamani. Kwa nondo na shafti za mviringo, zidisha kipenyo cha milimita kwa chenyewe, kisha gawanya kwa 162, upate kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 ina gramu 890 kwa mita, ya milimita 16 ina kilo 1.58, na ya milimita 20 ina takriban kilo 2.5. Ukiwa na hesabu hiyo kichwani utamwambia fundi akukatie urefu kamili unaoutaka, na utajua kama unauziwa kwa haki.

Kwa muuza chuma chakavu utapata diski za breki, magurudumu ya meno na vipande vya mashine. Diski ya breki ya gari dogo kwa kawaida ina kilo kati ya 4 na 9, ni ya chuma cha kusubu, na uso wake ulisawazishwa kwa mashine. Ilaze upande ulio bapa, si upande wa kikombe, na upitishe bolti ndefu yenye washa pana kwenye tundu la katikati ili upate pa kushikia, kichwa cha bolti kikiwa kimezama ndani ya tundu kisiuguse uso wa chini. Vumbi lililoganda kwenye diski au drami ya breki lisipulizwe wala kukwanguliwa likiwa kavu, maana breki nyingi za zamani zilikuwa na asbesto (madini ya nyuzinyuzi yanayodhuru mapafu). Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, na ukitupe kitambaa hicho kikiwa bado kibichi, ndani ya mfuko uliofungwa.

Yapo mambo ya kukataa hata yakitolewa bure. Usichukue vipande vya reli wala vifuniko vya mashimo ya barabarani, ambavyo ni mali ya umma na kukosekana kwake huua watu. Usichukue chombo chochote kilichozibwa pande zote, kama vile mtungi wa gesi, shokomzoba au silinda usiyoijua, kwa kuwa huenda ndani bado mna shinikizo. Transfoma na vifaa vya kale vya umeme vyenye mafuta navyo viache, kwa sababu baadhi ya mafuta hayo ni sumu isiyokwisha upesi. Na kitu chochote chenye umbo la kombora au bomu, hata kikionekana kimeoza kwa kutu, kisiguswe wala kusogezwa. Ondoka mahali hapo na uwaarifu polisi.

Kuhusu risasi

Mtu anayetafuta kitu kizito hufika mapema sana kwenye risasi, na nataka niseme waziwazi kwamba risasi haifai nyumbani. Ni kweli kwamba lita yake moja ina zaidi ya kilo 11, kwamba ni laini, na kwamba huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, joto linalofikiwa hata na jiko la kupikia. Wepesi huo wa kuyeyuka ndio umewadhuru wengi, kwa sababu mvuke na vumbi lake huingia mwilini kwa kupumua na kwa mikono inayogusa chakula, na Shirika la Afya Duniani linasema kuwa hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwani madhara yake kwa ubongo unaokua hayarudi nyuma. Kuvunja betri za gari ili kupata risasi ni kubaya zaidi, kwa kuwa kunaongeza asidi ya salfa na vumbi ambalo hubaki kwenye udongo wa ua kwa miaka mingi.

Kuitambua si vigumu. Sumaku haiishiki, ukucha huichora, ikikwanguliwa hung'aa kidogo kwa rangi ya kijivu chenye ubuluu, kisha hufifia, na ikisuguliwa kwenye karatasi nyeupe huacha alama ya kijivu. Vizito vya kuvulia samaki na vile vidogo vinavyobanwa kwenye rimu za magari vinaweza kuwa vya risasi. Ukigundua kwamba umekwisha kuishika, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kufanya jambo lingine. Sumaku peke yake haimalizi shaka, kwa sababu shaba, alumini na aina nyingi za chuma kisichoshika kutu nazo hazivutwi. Zisome alama zote kwa pamoja.

Hatua ya nne: jitengenezee kwa kopo na vipande vya nondo

Usipopata bamba, njia hii inampa mtu uzito mzuri kwa mabaki matupu. Watu wengi hujaza kopo kwa misumari, nati na bolti zilizotiwa ovyo, lakini vitu hivyo huacha nafasi tupu karibu nusu ya kopo. Vipande vya nondo vilivyosimamishwa wima, vyote vikiwa na urefu mmoja, hukaa kama njiti ndani ya kiberiti na kujaza takriban robo tatu ya ujazo. Kopo la kawaida la chakula, lenye kipenyo cha sentimita 7.4 na kina cha sentimita 11, hubeba hivyo kati ya kilo 2.5 na 3, ambapo lingejazwa zege tupu lingekuwa na kilo moja na kidogo.

Osha kopo, likaushe, na upige tupa makali ya mdomo wake au uyakunje kwa koleo kuelekea ndani. Kata nondo kwa msumeno wa chuma, au mwombe fundi, ziwe fupi kuliko kina cha kopo kwa sentimita moja. Zipange kuanzia ukingoni kuelekea katikati, nene kwanza, na nafasi zinazobaki uzijaze kwa nondo nyembamba au misumari mirefu, mpaka ukiligeuza kopo juu chini zisidondoke. Kisha koroga saruji na maji iwe uji mzito, mimina polepole, na ugongegonge kopo kwa kipini cha nyundo mara kwa mara. Viputo vitapanda, uji utashuka, ongeza tena. Hapa usifanye haraka, kwa sababu hewa ikibaki ndani, vipande vitatikisika baada ya saruji kukauka. Vaa glavu katika kazi hii, kwani saruji mbichi huchoma ngozi bila kuuma mwanzoni. Funika kwa plastiki, acha kwa siku kadhaa bila kulisogeza, na juu yake uweke kipande cha ngozi au cha kitambaa kizito kilichobandikwa kwa gundi.

Kopo lina kasoro moja ya kitako: kwa kawaida halikai kwa uso wake wote bali kwa pete nyembamba ya ukingo, na pete hiyo huacha duara kwenye mbao na kwenye jalada la kitabu. Kata kipande cha plaiwudi kinachoingia ndani ya pete na kuzidi kidogo kwa kina, kibandike, kisha juu ya plaiwudi ubandike mpira wa ndani wa tairi uliooshwa, au kitambaa kizito ikiwa kazi zako ni za karatasi.

Kwa kazi za kitambaa na kwa maumbo ya mviringo, mfuko unafaa kuliko kopo. Shona mfuko wa turubai wenye mishono miwili, utie washa au nati zilizooshwa mafuta, na usiujaze zaidi ya theluthi mbili ili uweze kulala kwa kufuata umbo la kitu.

Hatua ya tano: safisha na ufunike chuma

Chuma kutoka kwenye takataka huja na mafuta, rangi na kutu. Anza kwa sabuni na maji ya moto, kisha brashi ya waya. Kutu iliyokomaa huondoka kwa kukilaza chuma ndani ya siki usiku kucha, chombo kikiwa wazi ili gesi itoke. Asubuhi kisugue, kioshe kwa maji yaliyotiwa soda ya kuokea ili asidi iliyobaki ife, na ukikaushe mara moja kwa kitambaa na jua, kwani chuma kilichotoka kwenye siki huota kutu ya rangi ya chungwa ndani ya muda mfupi. Usikwangue kwa ukavu rangi ya zamani usiyoijua, kwa sababu rangi nyingi za kale zilikuwa na risasi.

Pita kingo zote na tupa. Kona ya bamba lililokatwa kwa moto ina vinyweleo vikali vya chuma visivyoonekana, ambavyo huchana kidole na karatasi vilevile. Ukivuta pamba juu ya ukingo na isinase, ukingo uko tayari. Mwisho paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, na uiache ikauke kwa siku kadhaa kabla ya kuweka chuma juu ya kitu cha thamani, maana rangi inayoonekana kavu bado hunata chini ya mzigo. Anayependa kupaka mafuta ya kitani badala ya rangi asikunje vitambaa alivyotumia na kuvirundika, kwa kuwa hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka. Vitandazwe nje mpaka vikauke.

Hatua ya sita: pima, kisha uandike

Uzito usiojulikana hauwezi kutumiwa kwa kurudia kazi iliyofaulu. Ukiwa na mizani ya kupimia mwili, jipime ukiwa umekishika chuma na bila chuma, kisha utoe. Usipokuwa na mizani, ning'iniza chuma upande mmoja wa fimbo iliyofungwa kamba katikati kabisa, na upande wa pili chupa ya maji: kila lita ni kilo moja, na chupa tupu ya plastiki huongeza gramu chache tu. Kwa kipande chenye umbo la ajabu na ambacho hakijapakwa chochote, kizamishe ndani ya chombo kilichojaa maji hadi ukingoni, upime maji yaliyomwagika kwa lita, na uzidishe kwa kilo za lita moja ya chuma hicho. Kikimwaga mililita 600 na ni chuma cha kusubu, kina takriban kilo 4.3. Andika kilo kwa rangi ubavuni.

Hatua ya saba: kitumie bila kuharibu kazi

Kati ya chuma na gundi mbichi weka karatasi ya nta au plastiki nyembamba. Mbao zenye tanini nyingi (ukakasi wa asili ulio ndani ya mti) zikiwa na unyevu na zikaguswa na chuma kitupu hupata doa jeusi lenye ubuluu linaloingia ndani ya nyuzi za mti, na msasa haulifikii lote. Weka uzito katikati kwanza, kisha uongeze kuelekea kingoni, ili gundi ya ziada isukumwe nje badala ya kuzuiliwa ndani. Baada ya dakika 10 rudi utazame, kwa sababu gundi mbichi ni utelezi na vipande viwili hupenda kuhama chini ya mzigo. Kwa gundi nyeupe ya maji acha mpaka kesho yake.

Kwenye chakula, chuma cha kusubu au cha nondo kisiguse kitu chenye chumvi au asidi, wala shaba isiguse, wala chuma kilichopakwa zinki. Tia chuma ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, uifunge kifuniko imara, uioshe nje, na chupa hiyo ndiyo iguse sahani iliyo juu ya jibini. Kwa mboga zinazochachushwa katika maji ya chumvi, chupa iliyojaa maji inatosha na chuma hakina kazi hapo, kwa kuwa mboga hizo zinahitaji kuzuiwa zisielee tu.

Uhifadhi wa vyuma hivi ni chini, sakafuni au kwenye rafu ya mwisho, visipangwe kimoja juu ya kingine kuzidi viwili, na visiachwe ukingoni mwa meza ambayo mtoto anaweza kuvuta kitambaa chake. Chuma cha kuning'iniza, kama kile cha kuufunga mlango kwa kamba na kapi, kipite ndani ya bomba lililofungwa ukutani ili kamba ikikatika kiangukie ndani ya bomba, na kamba yenyewe ikaguliwe pale inapopinda juu ya kapi, kwa kuwa hapo ndipo nyuzi zake huanza kulika. Ukiona zimevimba au zimepauka, ibadilishe yote badala ya kuiunga.